Meza ya Msaada, Ghorofa ya Pili

Mlangoni waliniuliza kama mimi ni mtengenezaji au mtumiaji. Kila aliyeingia aliulizwa hivyo, kwa sababu jibu lake ndilo lililoamua rangi ya kibandiko kitakachokaa chini ya jina lake. Watengenezaji walipewa cha buluu, watumiaji cha kijani. Nilisema mtumiaji. Mwanamke wa mapokezi akanipa kamba ya kuvaa shingoni, mfuko wa kitambaa, ratiba ya siku mbili, na jozi ya soksi zenye nembo ya kampuni nisiyoijua. Nina miaka hamsini na saba na sikuwahi kupewa soksi na mtu baki. Nilizichukua, maana London soksi hazizidi.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa watu wanaotumia na kutengeneza programu moja ya kuandikia blogu. Programu hiyo ni ya bure, inatengenezwa na watu wanaojitolea kila pembe ya dunia, na kila baada ya muda wale wa huku hukutana wakaonana uso kwa uso. Safari hii walikutana katika chuo kimoja katikati ya jiji, Jumamosi na Jumapili. Nilidhani nitawakuta wanaume watupu wenye ndevu. Ndevu zilikuwepo, sikatai, lakini foleni ya kahawa nilisimama baina ya mama wa Kigujarati wa Kingsbury anayeandika mapishi na bwana mmoja anayeandika habari za stesheni za reli zilizofungwa, na si kitu kingine chochote. Waliniuliza blogu yangu inahusu nini.

Nikawaambia ya kwangu ni ya misiba. Yule bwana wa stesheni akasogea kidogo.

Haikuanza hivyo. Nilipoianzisha, miaka kumi na mbili nyuma, ilikuwa ya habari zetu watu wa Visiwani tulioko London na miji ya jirani: nani kaolewa, wapi kuna chumba cha kupanga, duka gani limeleta muhogo ambao haujaoza ndani. Lakini harusi zina kadi zake na vyumba vina mawakala. Msiba ndio unaotaka haraka: jina la marehemu, sala msikiti gani, maziko saa ngapi, hitima nyumba ya nani. Watu wakazoea kunipigia mimi. Nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya madaktari huku Woolwich, nimezoea kuandika majina ya watu bila kuyakosea na nimezoea kusemwa vibaya, kwa hiyo kazi hiyo ilinifaa.

Chini ya kila tangazo watu huandika rambirambi. Kwetu rambirambi si mahali pa kuonyesha ufundi wa lugha. Kila mtu anaandika yale yale: maneno ya Kiarabu tunayoyatamka sote tukisikia kifo, halafu poleni sana wafiwa, halafu M/Mungu amlaze marehemu mahali pema. Anayefuata anayanakili kama yalivyo, na hakuna anayeona ajabu. Thamani yake ni kwamba umeyaweka na jina lako limeonekana. Mfiwa hupita na kidole kwenye skrini akiangalia nani yupo na nani hayupo. Msiniambie hamfanyi hivyo, nawajua.

Rambirambi hizo zilikuwa haziendi hewani moja kwa moja. Zilikuja kwangu kwanza, nizione ndipo niziruhusu. Wazee wetu hawakulielewa jambo hilo hata nilipoliandika kwa herufi kubwa. Mtu anabonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena, mara hii kwa jina lake kamili, mara ijayo kwa jina la utani. Mzee mmoja wa Kipemba aliwahi kunitumia rambirambi moja mara kumi na moja. Nikairuhusu moja na kumi nikaziondoa. Kulikuwa na vitufe viwili vya kuondolea, cha kufuta na cha spamu, yaani matangazo ya utapeli na uchafu wa mtandaoni. Kwangu vyote viwili vilikuwa ufagio. Nilipenda kile cha spamu kwa sababu hakikuwa kinakuuliza kama una hakika. Sipendi ukurasa mchafu, na nilifagia hivyo miaka na miaka.

Sasa niseme kilichonipeleka mkutanoni. Kilikuwa kuifunga blogu. Binti yangu, ambaye amezaliwa hapa na Kiswahili anakisikia vizuri ila kukijibu hataki, alikuwa ananiambia kila wiki, "Mum, watu wote wako WhatsApp, just close it." Nami nilianza kumwona ana haki. Rambirambi zilikuwa zimepungua mwaka baada ya mwaka hadi zikawa tano, sita, wakati zamani msiba mmoja ulipata hamsini. Nilijiambia watu wetu wamebadilika, wamekuwa kama Wazungu, kila mtu na mlango wake. Nilijiambia hivyo kwa uchungu zaidi kuliko nilivyomwonyesha binti yangu, kwa sababu msiba ulionifundisha hayo ulikuwa wa mama yangu.

Mama alifariki Unguja miaka mitatu iliyopita. Tangazo lake niliandika mwenyewe nikiwa uwanja wa ndege nangoja kupanda. Lilipata rambirambi tisa. Nilizisoma tisa zile hadi nikazijua kwa moyo, na jina nililokuwa nalitafuta halikuwamo.

Jina hilo lilikuwa la shoga yangu. Mimi na yeye tulisoma darasa moja Unguja, tukaja London mwaka mmoja, tukakaa chumba kimoja Woolwich miaka minne, vitanda viwili na dirisha moja lisilofunga, tukifanya kazi kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Kila Jumapili tulinunua kadi ya simu tukampigia mama yangu. Yeye mama yake alikufa akiwa mdogo. Mama alikuwa akishamaliza kuniuliza mimi, anauliza, "Na mwenzio kala?" Kila Jumapili. Hata baadaye, kila mmoja wetu ana nyumba yake, watoto wake na gauni za kutosha, mama swali lake lilikuwa hilo hilo, mwenzio kala.

Kabla ya msiba tulikuwa tumegombana, na ugomvi wenyewe ulitokana na blogu. Alikuwa na maulidi ya wanawake, kakodi ukumbi, akaniomba nitangaze Ijumaa asubuhi. Ijumaa mimi nipo kazini, kwa hiyo tangazo nikaliandika Jumatano na kuipangia mashine ilitoe yenyewe Ijumaa saa mbili. Halikutoka. Niligundua Jumapili jioni, maulidi yamekwisha, nusu ya viti vilikuwa vitupu na mikate ya kumimina imebaki kwenye masinia. Akanipigia simu. Nikamwambia si mimi, ni mashine. Akasema, "Mashine ina mkono wa nani?" Nikapandwa na hasira, nami nikipandwa na hasira nina ulimi mbaya. Nilimwambia kama watu wangekuwa wanamtaka wangekuja bila ya tangazo.

Wiki tatu baadaye mama akafa. Shoga yangu alikuwa Maskati kwa mwanawe. Nilikaa Unguja siku arubaini, simu yangu ya London imezimwa, nikangoja kuliona jina lake kwenye blogu. Sikupata hata neno. Tulikuja kuonana kwenye harusi moja, miezi saba imepita. Akanipa mkono, akaniuliza watoto hawajambo, akapita. Hakumtaja mama. Nikasema basi, mtu huyu nimemalizana naye, na kweli miaka mitatu sikukanyaga kwake wala yeye kwangu.

Ndiyo maana pale mkutanoni niliingia moja kwa moja kwenye mazungumzo ya kufunga blogu kwa utaratibu mzuri. Yalikuwepo kwenye ratiba, saa nne na nusu, chumba kidogo. Msemaji alikuwa bwana mpole aliyeeleza jinsi ya kutoa nakala ya kila kitu na kukiweka mahali, ili siku ukizima, kazi yako isipotee. Niliandika kila alichosema. Mwishoni akasema, kabla hujafunga, mpe mtu akuangalizie kama mambo yote yako sawa, la sivyo utahifadhi ubovu pamoja na uzima. Akatuelekeza kwenye meza ya msaada, ghorofa ya pili, karibu na lifti.

Nilikula kwanza. Chakula kilikuwa kwenye maboksi, na boksi langu limeandikwa halali. Niliuliza mara mbili, wakaapa mara mbili.

Kwenye meza ya msaada walikuwa wamekaa watu watatu wa kujitolea. Aliyekuwa hana mtu mbele yake ni mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na miwani ya kuning'iniza kwa uzi. Aliniambia alikuwa karani wa shule hadi alipostaafu, na haya mambo alijifunza akiwa na miaka sitini kwa sababu alichoka kuwabembeleza mafundi. Nikampenda hapo hapo. Nilipoandika neno langu la siri kwenye laptopu yake aligeuza uso akaangalia dirishani mpaka nikamaliza.

Akaniuliza kinachonisumbua ni nini. Nikamweleza habari ya matangazo ninayoyapanga yatoke siku fulani na hayatoki. Sikumweleza maulidi.

Hakuchukua hata dakika tano. Akanigeuzia skrini. "Programu hii ina saa yake ya ndani," alisema. "Ndiyo inayoamsha kila kazi inayotakiwa kufanyika baadaye. Ya kwako imelala. Naona imelala miaka mingi sana. Naweza kuiwasha sasa hivi."

"Iwashe," nilisema.

"Ikiwashwa, kazi zote zilizolala zitaamka pamoja. Ngoja nikusomee." Akavaa miwani. "Kutafuta matoleo mapya. Kutuma taarifa. Kumwaga spamu. Hii kwa kawaida humwagwa kila baada ya siku chache, ya kwako haijamwagwa hata mara moja. Umewahi kufungua humo?"

Nikamwambia sijawahi. Nani anafungua pipa la taka kuangalia lina nini? Nilitaka amalize, kwa sababu nilikuwa nimeweka alama kwenye mazungumzo mengine saa tisa, na vilevile kwa sababu nilikuwa naona aibu kidogo, kama mtu aliyekuja na mgeni nyumbani akakuta vyombo havijaoshwa. "Mwaga zote," nilisema.

Akaniambia pale mezani wana desturi moja: hawamwagi kitu cha mtu mpaka mwenyewe aangalie angalau kurasa tatu. Alisema kwa sauti ile ya karani wa shule ambayo huwezi kubishana nayo. Mimi sauti hiyo naijua, ndiyo ninayoitumia kazini.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa dawa za kiume na kamari. Wa pili viatu, miwani ya jua, na mtu anayejitolea kunikopesha fedha nyingi bila kunijua. Nikasema unaona sasa. Akafungua wa tatu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja katikati ya viatu.

"Hii ni lugha gani?" aliuliza.

Nikainama kuangalia. Nikasoma poleni sana wafiwa, M/Mungu amlaze marehemu mahali pema. Chini yake jina la mwanamke ninayemjua, anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu.

Yule mama akaniuliza maana yake, nikamwambia. Akaandika neno poleni kwenye kisanduku cha kutafutia. Zikaja moja baada ya nyingine, ukurasa kwa ukurasa, alikuwa akishuka na bado zinashuka. Majina yote nayajua. Wapo watu niliowasema kwa wenzangu kwamba wamejitenga. Yupo kaka yake marehemu mmoja aliyeandika kutoka Dubai, na mimi nakumbuka nilisema kaka gani huyu. Yupo mzee wangu wa Kipemba, ambaye sasa hivi naye ni marehemu, ameandika kwa kila msiba bila kukosa hata mmoja.

"Zimekujaje huku?" nilimuuliza. Nilikuwa nimekwisha kuandaa hasira yangu ya kumpa aliyefanya kosa.

Akaeleza polepole. Kichujio kinachokamata spamu kinajifunza. Kinaangalia mwenye blogu anatupa nini, kisha kinamsaidia kutupa vinavyofanana na hivyo. Akachagua rambirambi ya zamani kuliko zote, akafungua historia yake. Mstari ulikuwa mmoja tu, kwamba imewekwa kwenye spamu na msimamizi. Akafungua ya pili, msimamizi. Ya tatu, msimamizi. Ya nne, ya tano, hadi ya kumi, zote za msiba mmoja, zote za mzee mmoja. "Msimamizi ni nani?" aliniuliza, na nadhani alikuwa anajua.

Nikasema ni mimi.

"Maneno yalikuwa yale yale kila mara," alisema, "na wewe kila mara ukayaita uchafu. Baada ya muda kikaona hakuna haja ya kukuuliza." Hakusema kwa kunilaumu. Aliniambia ameona watu wakifanya mengi mabaya kuliko hilo. Sikumwamini, lakini nilishukuru.

Nikamwomba laptopu. Nilikwenda mwenyewe kwenye mwezi aliofariki mama. Rambirambi za mama zilikuwa mia na nne. Nilizihesabu baadaye. Pale mezani sikuwa nahesabu, nilikuwa natafuta jina moja, nikalikuta mara tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya siku ya pili ya msiba. Poleni sana wafiwa, M/Mungu amlaze mama yetu mahali pema. Shoga, nakupigia hupatikani. Mie niko Maskati, mwanangu kajifungua kwa operesheni, siwezi kumwacha. Yale ya maulidi mie nshasahau. Mama alikuwa akiniuliza kama nimekula, kila Jumapili, na mie si mwanawe. Nani ataniuliza sasa? Ukiliona hili nijibu.

Ya pili ilikuwa ile ile, neno kwa neno, siku tatu baadaye. Ya tatu ilikuwa fupi. Shoga, nimeandika mara mbili sijaona kitu. Wenzangu naona wametokea. Kama hukutaka jina langu lionekane kwenye msiba wa mama, nambie tu.

Nililia pale, karibu na lifti, mbele ya watu wenye vibandiko vya buluu. Yule mama hakunishika wala hakuniuliza kitu. Alinyanyuka akaleta kikombe cha chai, akakiweka mbali na laptopu, akakaa. Baada ya muda akaniambia kwamba anaweza kuzirudisha zote kwa kubonyeza mara moja, na kichujio kitafundishwa upya. Nikamwambia nyingine abonyeze yeye, hizi tatu nitabonyeza mimi. Nikabonyeza sio spamu, sio spamu, sio spamu. Zikaonekana chini ya tangazo la mama, na tarehe zake za miaka mitatu nyuma, kama vile zilikuwepo siku zote. Hilo liliniudhi. Nilitaka mahali fulani paandikwe zilichelewa na nani kazichelewesha.

Kisha akaiwasha saa. Matangazo yangu yaliyokuwa yamelala yakatoka yote kwa mpigo, na miongoni mwao, saa nane na dakika ishirini mchana wa Jumamosi, tangazo la maulidi ya shoga yangu. Tulilifuta haraka.

Mazungumzo ya saa tisa sikwenda. Niliteremka kwenye treni za chini ya ardhi, za laini ya Jubilee. Upande mmoja zinakwenda North Greenwich, na kutoka hapo ni basi tu mpaka kwangu. Upande wa pili zinakwenda Queensbury, anakokaa yeye. Niliziacha treni mbili zipite za upande wa kwangu, halafu nikapanda ya Queensbury. Njiani nilifikiria niseme nini, na kila nilichokipata kilikuwa kinaanza na mashine. Nikaviacha vyote.

Anakaa juu ya duka la Wagujarati, ghorofa ya kwanza. Nilibonyeza kengele bila kupiga simu kwanza, jambo ambalo London hatulifanyi tena. Sauti yake ikatoka kwenye kile kisanduku, "Nani?"

"Mie," nilisema.

Mlango ukalia ukafunguka.

Alikuwa kajifunga kanga, mkono mmoja una unga. Hakunikaribisha kukaa, wala hakunizuia. Aliitazama ile kamba shingoni kwangu, maana nilikuwa nimesahau kuivua. "Hiyo ya nini?" aliuliza.

"Nilikuwa mkutanoni. Wa blogu."

"Ala."

"Rambirambi zako za mama nimezisoma leo," nilisema.

"Leo."

"Leo mchana. Zote tatu."

Akafuta mkono wake kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Nikamweleza. Nilianza na mzee wa Kipemba na vidole vyake, nikaja kwenye kile kitufe kisichokuuliza kama una hakika, nikaja kwenye kichujio, nikamaliza kwa msimamizi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nilikuwa naangalia kila siku," alisema. "Mtoto analia, mama mtu analia, mie naangalia simu. Naona huyu katokea, na yule katokea. Siku ya kumi nkasema basi, kanifuta."

"Nilikufuta kweli," nilisema. "Si siku ile. Nilianza kukufuta miaka mingi kabla, wewe na wenzio wote. Nikidhani nafagia."

"Na yale ya maulidi? Kwamba watu hawanitaki?"

Hilo nilikuwa nimelitarajia, na bado lilinikuta vibaya. "Yale hayana mashine," nilisema. "Yale niliyasema mie, kwa mdomo wangu. Nisamehe."

Aliingia jikoni nikasikia anazima jiko. Nilibaki nimesimama na mfuko wangu wa kitambaa na soksi za watu, nikafikiria niondoke kabla hajarudi. Alirudi na kanga ya pili kaitupia kichwani. Aliburuta ule mkeka mdogo wa kusalia kutoka nyuma ya kochi, akautandika, akakaa chini, akanivuta mkono nikae naye. Tulikaa chini pale, wanawake wawili wenye magoti mabovu, na viti vizuri vipo.

"Haya," alisema. "Pole, shoga yangu. Mama aliumwa nini?"

Kwetu kila anayeingia msibani huuliza hivyo, na kila anayeuliza huhadithiwa upya tangu mwanzo, hata kama mfiwa keshahadithia watu mia. Unguja nilihadithia hadi maneno yakaniishia. London hakuna aliyeniuliza. Nilirudi siku arubaini zimekwisha, na kila mtu akijua keshanipa pole kwenye blogu yangu mwenyewe.

Nikamhadithia. Nikamwambia kwamba Jumatatu aliamka vizuri, akanywa chai, akalalamika haina sukari. Nikamwambia habari ya kifua, na ya teksi iliyochelewa, na ya daktari aliyekuwa mpole. Alikuwa anaitikia, aha, aha, mkono wangu bado kaushika. Nikafika mwisho, na mwisho haukuwa mwisho, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa sijamwambia mtu yeyote, si Unguja wala London.

Nikamwambia kwamba Jumapili, siku moja kabla, nilikuwa nimempigia simu kama kawaida. Tukazungumza, akaniuliza yangu yote, halafu akauliza, na mwenzio kala? Na mimi, kwa kuwa tulikuwa hatusemi, nikamjibu sijui.